Jumapili ya Yvette

Juru, mwezi wa saba

Mdogo wangu Joël,

Bwana Yesu asifiwe. Huku tuko wazima, maharage yameingia nyumbani. Siku ya kuzaliwa ya Yvette tutaifanya Jumapili, tukitoka kanisani. Niletee gato, keki nzuri kutoka Kakoba, yenye jina lake juu. Kwenye pikipiki uipakate, isivunjike. Batoto ba majirani watakuwa mingi.

Kuna neno lingine. Mama mzazi wa Yvette, Perpétue, amepatikana hai. Anaishi Endiinzi. Kumbe miaka yote, tangu nilipomwokota mtoto njiani tukikimbia vita, naye alikuwa akimtafuta. Nimemwalika.

Jana nilimweleza Yvette tukichambua mchele. Akauliza, “Sasa nikiita ‘Mama’, nani ataitika?”

“Tutaitika wote wawili,” nikamwambia.

Alicheka sana. Mimi nikainamia mchele.

Joël, sherehe ikiisha ataondoka na mama yake. Tumekubaliana hivyo, na ni haki. Nguo zake nimekwisha kuzifua. Lakini wewe uje mapema, na watakapoanza kumwimbia, usimame karibu yangu.

Ni mimi dada yako,
Orpa