Kanda Anazozisikia Baba

Nangara, Babati,
Manyara.
9 Aprili 2005.

Mpendwa mdogo wangu Filbert,

Natumaini joto la Mtwara halijakumaliza. Huku hatujambo. Mvua zinanyesha, mlima Kwaraa umejificha ndani ya mawingu tangu juzi, na mahindi yamefika magotini. Mama analalamika mgongo, lakini ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anashika jembe. Na wewe je, zile homa zimekuacha?

Leo nakuandikia habari za kanda za muziki, usinicheke. Masikio ya Baba yamepungua nguvu. Sauti nyembamba zote zimempotea: ndege, watoto, hata mimi na Mama. Zilizobaki ni nzito tu. Tukiwa shamba la karibu na ziwa, viboko wakiunguruma, anatabasamu peke yake.

Tuligundua hilo dukani kwa Muzamil, muuza kanda wa sokoni. Alikuwa anapiga dansi lenye besi nzito, Baba akasimama mlangoni akagoma kuondoka, mpaka Muzamil akamletea kiti. Tangu hapo nimekuwa mtafuta kanda, mimi niliyekuwa nikizima redio za watu.

Ukitaka kusikia anachosikia yeye, tafuta kanda za kwaya ambamo besi wanaachiwa ubeti mzima peke yao, siyo zile ambazo kinanda kinafunika kila kitu. Ya wazee wa Dareda ndiyo bora; sauti zao unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Kisha dansi la zamani, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa la besi linatembea lenyewe taratibu. Ngoma kubwa nayo ni nzuri, ila isiwe na filimbi nyingi.

Mchana mvua ikinyesha, Baba anaweka kiganja juu ya spika na kufumba macho. Nakaa karibu yake, nami nasahau niko wapi. Maharage yameshaungua jikoni, Mama akanisema sana.

Sasa nisikilize. Ulipopiga simu Krismasi, Baba alinyamaza, kisha akanirudishia. Ukadhani bado ana hasira kwamba uliacha useremala wake ukaenda zako, na hujapiga tena. Filbert, hakuwa na hasira. Simu hukondesha sauti ya mtu; hakusikia kitu. Yeye anaamini wewe ndiye uliyemnyamazia. Nimemweleza kwa ishara, anasema nakutetea. Naumia kuwaona hivi.

Sauti yako ni nzito kuliko ya wale wazee wote, na uliirithi kwake. Azima redio yenye kinasa sauti, umrekodie kanda uitume: funga madirisha, ongea karibu na polepole. Usieleze mengi. Mwite tu Baba, Baba, mpaka kanda iishe ukipenda.

Msalimie wifi yangu Veronica, umbusu na mwanao Emanuel. Mama anakusalimu sana, shangazi Philomena pia. Mungu akutunze, na koo lako alitunze.

Salamu za Baba sina. Anasubiri wewe useme kwanza.

Dada yako akupendaye,
Hilaria