Rangi za Msituni

4 Februari

Kifungo mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri wangu. Dada yako na wajukuu ni wazima, wanakusalimu.

Naendelea na mchezo wetu wa kompyuta, ule ulionifundisha nilipoacha kushona. Shujaa wangu amepata upanga mpya, lakini msituni ananiaibisha. Njia na majani naona rangi moja. Nadhani natembea njiani, kumbe nimeshatumbukia mtoni. Mbwa mwitu nao nawaona wakishanitafuna. Waliochora msitu huu walibania rangi! Wewe fundi wa mambo hayo, huwezi kuuchangamsha kidogo?

Mama yako

15 Februari

Shikamoo Mama,

Habari za nyumbani? Magoti je? Mimi mzima, ila kazi ya kiwandani inanikamua.

Ombi lako limenifurahisha mno. Nimefungua mafaili ya mchezo, nikatoa picha za mandhari moja moja na kuzipaka upya. Nyasi sasa ni kijani kibichi, njia manjano, mto buluu kama wino. Mbwa mwitu nimewatia wekundu, wasikuvizie tena. Dada ataziingiza kwenye kompyuta. Alinigusia habari za macho yako. Nadhani ni uchovu tu. Nikija likizo tutaona.

Mwanao, Kifungo

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

U mzima? Sisi hapa salama.

Rangi zako nzuri sana! Ila koleza tena. Zile ulizonikolezea mara ya pili mwezi uliopita zilinifaa kwa muda, kisha msitu ukarudi kuwa ukungu. Anayeandika ni dada yako, mimi nasema tu. Vidole vyangu vimeshiba sindano. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

19 Juni

Shikamoo Mama,

Naona haya kukuuliza hali. Dada amenipigia: umeikosa ngazi ya mlangoni, umevunjika mkono, na daktari aliyekufunga ndiye aliyekutazama macho. Mtoto wa jicho, tena wa siku nyingi.

Mama, nisiseme sikujua. Uliponiambia koleza tena, nilikoleza hadi macho yangu mwenyewe yakauma kuutazama ule msitu. Hakuna mwenye macho mazima angeomba rangi zile. Nikanyamaza, kwa sababu kupaka rangi ni rahisi kuliko kumkabili msimamizi na kuomba ruhusa. Tena niliziweka mtandaoni, watu nisiowajua wakanisifu, nikavimba. Nilikupakia rangi mto wa kwenye kompyuta usitumbukie, na mlangoni kwako ukaanguka. Kila nikilala nakuona ukipapasa ukuta. Nimeomba likizo, bado hawajanijibu. Nisamehe.

Mwanao

30 Agosti

Marahaba Kifungo,

Natumaini u mzima na unakula. Leo kalamu nimeshika mwenyewe. Mistari ikipanda mlima usicheke.

Wameutoa ule utando, na jicho la kulia sasa linaona hadi vumbi la chini ya kabati. Dada yako ameanza kufagia upya, huku ananuna. Nikawasha mchezo. Toba! Mwanangu, ule si msitu, ni duka la peremende! Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimemwambia dada yako arudishe rangi za zamani. Kumbe wachoraji wale hawakubania kitu. Msitu wao una kijani cha kila namna, nami nilikuwa nawasengenya bure.

Jicho la kushoto daktari amelitazama sana. Hilo lina ugonjwa mwingine, presha ya macho, na limekwisha kuzima. Akaanza kusema, "Mngelifika mapema kidogo..." Nikamwambia basi, inatosha. Sikuelezi ili ulie. Hata mimi nilikuficha: mwaka mzima nilikuwa nautafuta mlango kwa mkono, na kwako naandika sijambo. Tumekosa sote.

Kuhusu likizo, kawaombe tena. Ukija, keti upande wangu wa kulia, nikuone.

Mama yako