Kaburi la Shard End

Jumapili, 7 Septemba
Zamu ya alfajiri. Wazee wanane wa kuogesha. Mgongo unauma. Kutoka kazini moja kwa moja kanisani, sare chini ya koti. Mchungaji alitambulisha mgeni aliyehamia hapa Shard End, Birmingham, mtaa wa nyuma yangu. Sikio la kushoto limekatwa nchani. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Ndiye aliyemtoa Baba Neema nyumbani kwetu Kivu wakati wa vita, akamshika mkono kama anamsindikiza. Mume wangu hakurudi. Hata maiti hatukupewa. Na leo mtu huyu aliimba pambio. Nilitoka kabla ibada haijaisha.

Jumanne, 9 Septemba
Usingizi hakuna. Nimeandika namba ya polisi, nimeibandika kwenye friji. Nikirudi kutoka harusi ya Neema nitapiga. Afungwe. Arudishwe. Afe, sijali.
Neema anaolewa Lesotho, kwao mchumba wake. Amenitumia kitenge cha njano, akapiga simu: "Mum, please, usikuye na ile black."
Kwetu mjane humaliza matanga kaburini: anapalilia, ananawa, anavaa rangi. Mimi kaburi sina. Miaka ishirini na miwili ndani ya nyeusi.

Jumanne, 16 Septemba
Lesotho. Nchi ndogo ya mfalme, imezungukwa pande zote na nchi moja kubwa. Milima mitupu. Barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Wanaume juu ya farasi, wamejifunga mablanketi. Wakwe wa Neema walinivika la kwangu. Nililigeuza, mistari ikalala. Wakacheka, wakanirekebisha: mistari husimama.
Harusi imepita salama. Nilivaa nyeusi. Neema alilia, na si kwa furaha.

Alhamisi, 18 Septemba
Wakwe walinipeleka Thaba Bosiu, mlima bapa juu kama meza. Mfalme wao wa kwanza aliwapandisha watu wake hapa wakati wa vita na njaa, na maadui wakashindwa kuuteka. Amezikwa huko huko juu. Kaburi la mawe tu, lakini lipo. Nilimwonea wivu.
Mtembeza wageni alisimulia. Wakati wa kuhamia mlimani, babu wa mfalme alibaki nyuma, watu waliokula watu kwa njaa wakamkamata, wakamla. Baadaye waliletwa mbele ya mfalme. Watu walitaka wauawe. Mfalme akakataa: babu yangu yumo ndani yao, hawa ndio kaburi lake, na kaburi halivunjwi. Akawapa ng'ombe wafuge.
Wenzangu walitikisa vichwa, hadithi nzuri. Mimi nilikasirika. Mfalme ana ng'ombe wa kugawa. Mimi nina nini? Niliteremka peke yangu.

Jumapili, 28 Septemba
Birmingham. Wiki nzima naitazama ile namba nikichemsha chai. Sijapiga. Akichukuliwa, nitamuuliza nani?
Leo baada ya ibada nilimfuata kituo cha basi. Aliponitazama vizuri, alinijua. Nilitaka kumtemea mate. Nikauliza tu: "Mulimuzika wapi?"
"Nyuma ya masomo, mama. Pale chini ya muti ya avoka."
Shule hiyo naijua, na mparachichi ule. Neema alianzia darasa la kwanza pale. Hakuomba msamaha. Afadhali, ningempiga.

Alhamisi, 9 Oktoba
Shemeji yangu aliyebaki Kivu amefika pale, ametuma picha. Mti haupo. Wamejenga madarasa mapya. Sakafu ya saruji, madawati juu yake. Nani atabomoa darasa kwa ajili ya mifupa ya mtu mmoja?
Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.
Baba Neema hana kaburi lingine sasa. Limebaki hili linalotembea, la mtaa wa nyuma. Namba nimeibandua. Simsamehe. Mungu anajua simsamehe.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mvua ilikatika asubuhi. Nilikwenda kwake na jembe dogo. Mbele ya nyumba yake magugu yamefika kizingitini. Nilipiga magoti nikapalilia. Alitokea dirishani, kisha mlangoni. Nikamwonyesha kwa mkono abaki ndani. Akabaki.
Nilinawa kwenye bomba lake la nje, nikarudi nyumbani.
Kitenge cha njano kilikuwa bado sandukuni, kimejaa mikunjo. Nimekipiga pasi.