Kilo Zilizozidi kwenye Ndege

Mke wangu,

Nimewahi kiwanja cha ndege, nitarudi kuwachukua. Chai iko kwenye chupa. Watoto wavae masweta, na kila mmoja aende chooni kabla hatujatoka. Kindege chetu hakina choo na njia ni ndefu.

~~Mwambie mama yako tutamletea zawadi.~~ Mwambie mama yako afungashe tena.

Najua umeninunia, na huna kosa. Kupima uzito kabla ya kuruka ni lazima. Lakini kumpandisha mama mkwe kwenye mizani sebuleni, mbele ya wajukuu, halafu nikaisoma namba kwa sauti! Alishuka, akasema, "Nendeni tu wanangu, mimi nitalinda nyumba." Na tunayekwenda kumwona ni dada yake, si wangu.

Mlipoingia chumbani kumbembeleza, nikapanda mwenyewe. Kumbe miaka yote hii kwenye hesabu za ndege naandika uzito niliokuwa nao siku ya kupata leseni, kabla sijaonja mapishi yako. Kilo zilizozidi ni zangu. Sikuwa na uso wa kugonga mlango.

Nimebadilisha njia: tutaruka na mafuta machache, tutue katikati kujaza. Begi langu libaki. Mama akae mbele, karibu nami, anisute njia nzima.

Mizani nimeiacha pale pale sebuleni, msiiondoe. Nikirudi nitaipanda mbele ya watoto, na namba ataisoma yeye.

Baba Watoto