Majibu ya Damu

Mdogo wangu mpenzi,

Hapa nyumbani sote wazima, na cherehani yangu mpya inakwenda mbio kunishinda.

Nisamehe, kuna jambo nilikuficha mwaka mzima. Damu yangu ina chembe zisizo za kawaida. Si saratani, ila zinaweza kugeuka kuwa saratani, kwa hiyo kila miezi mitatu naenda hospitali kupimwa.

Jana daktari bingwa wa damu alisoma majibu.

"Mama, hazijaongezeka hata kidogo," akasema. "Sasa uwe unakuja mara moja kwa mwaka."

Shemeji yako, yule asiyecheka hata akitekenywa, alinikumbatia mbele ya wauguzi. Walipopiga makofi aliona haya, akajifanya anatafuta miwani, nayo imo usoni.

Dada yako, bado nipo sana.