Kwa Alvah, Aliyetuandikia Kwamba Amenenepa

Mwaka umetimia, Alvah, tangu ugonjwa wa kambini ukutoe kwetu, kule Virginia ulikokwenda kupigana. Tulisema leo tutaketi tukukumbuke kwa utulivu kama familia nyingine zinavyofanya. Tumeshindwa. Baba anakwenda getini na kurudi, anakwenda na kurudi. Mimi dada yako Orpha naandika nikiwa nimesimama, maana utomvu wa miti unatokota uwe sukari, na ukigeuka kidogo tu umeungua.

Ndiyo, msimu wa miti ya sukari umerudi. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuchochea moto, na kuonja, na kuonja tena, mpaka Mama akuchape mwiko mkononi. Ng'ombe mwekundu aliuzoea mluzi wako, na hadi leo hatoi maziwa vizuri kwa mtu mwingine. Mjane wa ng'ambo ya kijito ulimpasulia kuni kila vuli, kisha ukajifanya ulikuwa unapita njia tu. Bado kuna siku Mama anakuita uje kula.

Na barua zako! Tulizisoma tukiwa tumezunguka jiko, na msomaji alikuwa Lyman, kitinda mimba wetu, kwa kuwa alijua kuiga sauti yako. "Biskuti za hapa zina wadudu wengi, ukiziita zinakuja zenyewe." Baba, asiyecheka hovyo, alicheka mpaka akapaliwa. "Halafu Mama, nimenenepa, vifungo vinakatika. Ukinitumia shati, lishone kubwa."

Mama akalishona kubwa, la flana ya buluu, akaongeza kitambaa hadi kwapani. Akajisifu kwa majirani, "Mwanangu anakula huko, jamani! Serikali inamlisha kunishinda mimi." Tukalifunga sandukuni pamoja na soksi, jibini na sukari yetu.

Iliyofuata ilikuwa barua ya kapteni wenu. Alisema ni homa, na kwamba hukuteseka sana.

Lyman alilia, kisha akatuambia homa humkuta mtu hata kitandani kwake. Kwake yeye kambi ilikuwa biskuti zinazotembea na vijana wanaocheka. Vuli ilipoingia akajiandikisha, hata ndevu hazijamtoka. Mama alimng'ang'ania koti mlangoni.

"Mama, niache bwana! Alvah alinenepa huko, mimi ndiye nitakayekonda?"

Akaondoka akicheka.

Theluji ilipokuwa nzito, Perley, mwenzako wa hema moja, alirudi na mguu mmoja. Alikunywa kahawa yetu, akazungumzia barabara, akazungumzia farasi, akazungukazunguka weee, mpaka Mama akamkatiza. "Perley mwanangu, yule nilimzaa mimi. Sema."

"Hakunenepa, Mama. Tumbo lilikuwa linamwendesha tangu Krismasi. Alikuwa anaandika, mimi nimemshika mgongo asianguke. Nikamwambia, wewe, mbona unawadanganya wazee? Akasema, 'Mama humjui. Akikosa usingizi yeye, nyumba nzima haikaliki.' Lile shati lilifika tukamzika nalo. Lilimzunguka mara mbili."

Mama hakulia mbele yake. Alimjazia kikombe tena, kahawa ikamwagika mezani na hakuna aliyeifuta.

Nina hasira nawe, Alvah. Nakupenda, nakulilia, na nina hasira nawe. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imefika mbali, imemchukua Lyman hadi Virginia. Najua ulitaka Mama alale tu. Sasa hakuna anayelala.

Jumamosi imekuja barua ya Lyman. Niliisoma mimi, nisiyejua kuiga sauti ya mtu. Hema lao zuri. Wenzake wacheshi. "Na chakula, Mama, usiulize! Nimenenepa. Safari hii lishone kubwa."

Baba alisimama akatoka nje bila kofia. Mama alitandaza flana mezani, akaweka juu yake shati la zamani la Lyman, lile alilokuwa akiendea shule, akakata kwa kulifuata lilivyo.

"Hili litamtosha," akasema.

Sandukuni hakuna jibini safari hii. Kuna dawa ya tumbo, ile ya mizizi ya beri, chupa kwa chupa. Wala sanduku hatulitumi. Baba atalipeleka mwenyewe, na ndiyo maana yuko getini, anasubiri gari la farasi lililochelewa. Amesema atamwona mtoto kwa macho yake, barua haziamini tena.

Tunaokukumbuka ni baba yako Hosea, mama yako Lovina, mimi Orpha, Perley ambaye sasa anakula kwetu kila Jumapili, na mdogo wako Lyman aliye kambini.

Hutatutoka moyoni, Alvah, maisha yetu yote. Nawe huko uliko, ukiweza kumfikia Lyman kabla ya Baba, mwambie aache kuiga sauti yako.