Jiwe la Juu Liko Dirishani

Nyumba ya Juu,
Hamravík,
Visiwa vya Faroe.
11 Juni

Mpendwa Bárður, mwanangu,

Hujambo huko Australia, na Tessa hajambo? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama kondoo aliyemeza sufu? Nakuuliza hayo kwanza kwa sababu ukishasoma habari zangu utasahau kunijibu, nakujua. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kwenye ngazi tu, na ngazi nimeacha kuzipanda bila sababu.

Wanakondoo mwaka huu ni kumi na tisa, mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe. Jirani yetu Beinta amepaka mlango wake rangi ya njano. Hakuna aliyesema kitu, ila kijiji kizima sasa kina shughuli za kupita mbele ya nyumba yake.

Sasa nina jambo. Baba yako mkubwa Hjalgrím alivunjika paja tarehe kumi na nne Mei. Usishtuke. Yuko hai, yuko nyumbani, na anagomba kama kawaida. Sikukupigia simu kwa sababu ningelia, nawe ungepanda ndege siku hiyohiyo. Kwa barua naweza kusema mambo kwa mpangilio.

Unajua kila Mei Hjalgrím hupanda mlimani kwenda Skarðsvík, kuzisimamisha upya zile alama za mawe za babu yetu zilizoangushwa na dhoruba za baridi. Ukungu ukishuka kule, mtu hana kingine cha kumwonyesha njia. Nilimwambia ana miaka sabini na mitatu, asiende peke yake. Akanijibu kwamba mlima una mingi zaidi na haulalamiki.

Ukungu ulimkuta karibu na ziwa dogo. Mgeni angekaa chini akangoja. Yeye anaijua njia kwa nyayo, akaendelea. Miguu ilimwambia apinde kulia. Lakini kushoto akaona mnara wa mawe umesimama wima, mpana chini, na juu yake jiwe bapa lililoinamishwa kidogo upande wa bahari ili maji yateremke. Ndivyo tunavyojenga sisi wa nyumba hii. Akadhani miguu yake imezeeka, inamdanganya. Akafuata jiwe. Hatua sita tu, akaporomoka korongoni.

Aliyemsikia akiita ni mwanamke wa Kiholanzi, Geertje, mwalimu wa shule, aliyekuwa akija nyuma na begi lake. Unajua Hjalgrím anavyowasema watalii: wanaacha malango wazi, wanakanyaga viota, wanakimbiza kondoo wapate picha. Huyu alikuwa amefunga kila lango alilopita, na begini alikuwa na takataka za watu wengine alizookota njiani. Alishuka korongoni kwa makalio, taratibu, huku akimsemesha.

"Mzee, usisogee. Nakuja."

"Usipite hapo. Kuna viota."

"Mzee, mguu wako umegeukia nyuma."

"Na mayai ya ndege yapo mbele yako. Zunguka."

Akazunguka. Alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu, na hakujua kama acheke au alie. Alimfunika kwa mfuko wake wa kulalia, akampa chai yake yote. Simu haikushika mtandao pale, kwa hiyo akapanda kuutafuta, akifunga vipande vya kitambaa chekundu kwenye mawe ili ajue pa kurudia. Aliporudi alivifungua vyote, hata kimoja hakukiacha. Kisha akakaa naye muda wa saa tano, akimshika mkono na kumwimbia nyimbo za watoto wa shule, mpaka wanaume wa kijiji walipofika na machela. Hjalgrím anasema nyimbo ziliuma kuliko mguu. Daktari yeye alisema kwamba bila mfuko ule tungeletewa maiti.

Meli ya Geertje iliondoka bila yeye. Alikaa kwangu wiki nzima, akala nyama yetu ya kukaushwa kwa upepo kwa heshima kubwa na kwa vipande vidogo sana. Nimempenda.

Siku ya tatu aliniomba tupande wote tukaubomoe ule mnara kabla haujamwangusha mwingine. Nilipouona nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa. Nilikuwa nimeuona mara mia. Ni wewe na Tessa, Agosti iliyopita, mmeuegemea, bahari nyuma yenu, mnacheka. Picha mliyonitumia ninyi wenyewe, niliyoibandika kwenye friji na kumwonyesha kila aliyeingia kunywa kahawa.

Nilikasirika, Bárður, sikufichi. Siku mbili nilifua mazulia yasiyo machafu. Najua mlikuwa na furaha, mkataka kuacha kitu pale. Lakini huko juu jiwe likiwa juu ya jiwe maana yake ni moja tu: pita hapa. Tessa hakujua hilo. Wewe ulijua.

Tuliyabeba mawe yote hadi kwenye alama za kweli. Lile la juu nikashindwa kuliacha. Nikalitia kwenye begi la Geertje, nikaja kulificha nyuma ya jiko. Picha nayo nikaitoa kwenye friji, nikaifukia ndani ya kitabu cha mapishi. Kijijini wanasema ni kazi ya watalii. Nimewaacha waseme, na hilo linanichoma, kwa sababu mtalii ndiye aliyemwokoa.

Hjalgrím akarudi kutoka hospitali. Nilimweka chumba cha chini, karibu na jikoni. Jambo la kwanza aliomba kahawa. La pili, akatazama friji.

"Picha ya mtoto iko wapi?"

"Ilidondoka."

"Basi irudishe."

Nikajifanya nasugua sufuria. Akaniacha nisugue mpaka nikachoka.

"Sunnvá, mimi ndiye niliyemfundisha kulaza jiwe la juu, akiwa na miaka saba. Unadhani nililala pale saa zote zile nisiujue mkono wake?"

Nikaiweka sufuria chini. Akanywa kahawa yake yote, polepole.

"Kaujenga vizuri," akasema. "Baridi nzima haukutikisika. Kasoro ni mahali tu. Lile jiwe liko wapi?"

Nikalitoa nyuma ya jiko. Sasa liko dirishani kando ya kitanda chake, pamoja na dawa. Beinta alitaka kuliwekea chungu cha maua, akafukuzwa. Hjalgrím anasema halitakwenda popote mpaka aje aliyelichagua.

Kuna jambo yeye hatakuandikia, kwa hiyo naliandika mimi. Daktari amesema hatapanda mlima tena. Si mwakani tu. Alama ya pale ziwani, pa kupinda kulia, ilipoteza jiwe lake la juu wakati wa baridi, na siku ile hakuwahi kuifikia. Mpaka leo iko wazi kichwani, na watu wanapita.

Usimwandikie barua ndefu ya kuomba radhi, hajui kuzijibu. Mwandikie tarehe utakayofika Mei ijayo. Njoo na Tessa. Mweleze kwa upole, maana hakukosa kama wewe.

Beinta anakusalimu, na mlango wake. Geertje anaandika kila wiki kuulizia "mguu wetu," naye amesema mwakani atakuja kubeba mawe. Nisalimie wazazi wa Tessa, na yule mzee wa nyumba ya pili aliyekupa kitanda ulipofika huko bila kumjua mtu. Mungu awalinde ninyi nyote, na kila anayekuja nyuma yenu.

Ni mimi nikupendaye, hata zile siku mbili za mazulia,

Shangazi yako,
Sunnvá

Nyongeza: Picha imerudi kwenye friji. Asubuhi hii nimemkuta Hjalgrím ameinuka bila ruhusa, amesimama kwa mguu mmoja, anaibandika mwenyewe.